Kufuma mahameli ya maua kwa mkono kama Florence ya karne ya 15: mwongozo kamili kwa ambao manyoya yao yanang'oka

Vipande vilivyoshindikana nilivyoonyeshwa mwaka huu vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Msingi umekaa vizuri, ua limechorwa vizuri, lakini pale kisu kilipopita manyoya yamechomoka kwa vishungi na kuacha mapara. Kila mtu analaumu kisu. Kuna aliyebadilisha wembe mara tatu.

Kisu hakina kosa. Mahameli ya maua huharibikia nyuma ya kitanda cha kufumia, siku mbili tatu kabla wembe haujaguswa, pale mfumaji anapozungushia nyuzi zote za manyoya kwenye mti mmoja wa kuviringishia kana kwamba anafuma kikoi. Wafumaji wa miji ya Italia, Florence, Venezia na Genova, hawakufanya hivyo, na sababu yao nitaieleza kwenye hatua ya 4. Ukiwa na haraka, anza kusoma hapo kisha urudi juu.

## Maneno tutakayotumia

Mtande ni nyuzi zinazokwenda urefu wa kitambaa, mshindio ni uzi unaopita upana. Mahameli ina mitande miwili kwa pamoja. Mtande wa msingi hufanya kitambaa chenyewe, na mtande wa manyoya hupanda juu na kufanya yale malaika laini unayoyapapasa.

Manyoya hupandishwa kwa kulazwa juu ya kijiti chembamba cha shaba. Waitalia hukiita kijiti hicho *ferro*, yaani chuma, nami nitakiita chuma hivyo hivyo. Chuma kikichomolewa bila kukata, vinabaki vitanzi. Uzi ukikatwa juu ya chuma, yanabaki manyoya yaliyosimama.

## Utakachofuma

Tutafuma kipande cha upana wa sentimita 10, bila kuhesabu pindo, na urefu wa sentimita 14. Ua ni komamanga, lile lile lililotawala mahameli za Italia za karne ya 15. Ukitaka kuona lilivyopendwa hata baadaye, tafuta picha ya Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa Florence, aliyoichora Bronzino mnamo 1545, iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Uffizi, Florence. Komamanga limekaa katikati ya kifua cha gauni.

Mtindo ni ule ambao manyoya hujaa karibu kitambaa kizima, na ua huchorwa kwa mistari myembamba isiyo na manyoya. Mistari hiyo hufanana na nondo za dirisha zilizokunjwa, ndiyo maana Waitalia wakaupa jina la *inferriata*. Nimeuchagua kwa sababu manyoya yaliyosongamana hushikana yenyewe kwa yenyewe. Ua dogo lenye manyoya katikati ya uwanja mtupu ni gumu zaidi, kwa kuwa kila uzi wa pembeni hauna jirani wa kuuegemea.

## Vitu vya kuandaa

- Kitanda cha kufumia chenye fremu tano za vitanzi (hivi ni vya kupandishia nyuzi, siyo vile vya manyoya) na kanyagio nne.
- Chanuo la kugongea mshindio, lenye nafasi 8 kwa kila sentimita.
- Hariri ya msingi na ya mshindio, namba 60/2, gramu 50. Gramu 100 za uzi huu ni mita 3,000, kwa hiyo utabakiwa na akiba.
- Hariri ya manyoya, gramu 50, unene wa karibu na huo. Iwe hariri iliyovutwa nzima nzima kutoka kwenye kifukofuko cha kiwavi wa hariri, isiwe ile iliyosokotwa kwa mabaki. Ya mabaki ina vinywele vifupi, na ukiikata mng'ao wake hufifia.
- Bobini za cherehani 160. Zigundishe mbili mbili upate jozi 80: upande mmoja wa hariri, upande wa pili wa kamba ya breki.
- Nati 80 za spana namba 17. Kila moja ina uzito wa gramu 11 hivi, uzito unaofaa kabisa.
- Shanga 80, spoku 8 za baiskeli, na mbao za kutengeneza fremu ya bobini.
- Vyuma vinne vya shaba ya manjano, urefu sentimita 18, kimo milimita 2, unene milimita 1, vyenye mfereji mwembamba juu kuanzia ncha hadi ncha. Hivi mpelekee sonara. Yeye ndiye mwenye zana za kuvuta shaba nyembamba na mkono wa kuchonga mfereji usioyumba.
- Wembe mpya na vibao viwili vidogo vya kuubania.
- Kamba nyembamba imara ya pamba, karatasi ya miraba, kioo kidogo cha mkononi, msasa laini, brashi laini ya nguo.
- Mtu wa pili wa kuvuta kamba. Inawezekana peke yako, lakini utachukua muda mara mbili.

Usianze kama vyuma havijakamilika. Pitisha ukucha kwenye mfereji wa kila kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Ukucha ukikwama mahali, na wembe utakwama hapo hapo. Mrudishie sonara.

## Hatua ya 1: Chora nusu ya komamanga

Utakuwa na nyuzi 80 za manyoya. Chora nusu tu, miraba 40 kwa upana, kwa sababu upande wa pili ni kivuli cha wa kwanza kwenye kioo. Wachoraji wa Renesansi, enzi ile ya mwamko wa sanaa Italia, walitumia ujanja huo huo kwa maua mengi. Unapunguza kamba kwa nusu, na ua linatoka limelingana pande zote.

Kwa urefu, chora miraba 42. Kila mraba mmoja kwenda juu ni chuma kimoja. Vyuma 6 hufanya sentimita moja, kwa hiyo ua moja litakuwa sentimita 7, na utalifuma mara mbili.

Mraba wa kitambaa si mraba kamili. Upana wake ni milimita 1.25, kimo chake karibu 1.67. Ua ulilochora likiwa duara litatoka limerefuka kama yai, kwa hiyo lichore limebonyea kidogo. Usipolizingatia hili utapata nanasi badala ya komamanga.

Mstari usio na manyoya usipungue nyuzi mbili kwa upana wala vyuma viwili kwa kimo. Manyoya hutanuka yakishakatwa na hufunika mstari wa uzi mmoja kabisa. Na kipande cha manyoya kati ya mistari miwili kisipungue nyuzi tatu.

*Umefaulu* ukisimama mita mbili mbali na karatasi na bado unaona komamanga, siyo vurugu ya miraba.

## Hatua ya 2: Toa gundi kwenye hariri ya manyoya

Hariri mbichi huja na gundi yake ya asili. Ukifuma nayo, manyoya yatasimama magumu kama ya mswaki na hayatashika rangi sawasawa. Chemsha kwa maji na sabuni laini, moto mdogo, maji yakitetema tu bila kutokota, mpaka uzi uteleze vidoleni. Suuza mara kadhaa kwa maji ya uvuguvugu. Itapungua uzito kwa karibu robo, usishtuke.

Kuhusu rangi, ninakushauri utie rangi moja tu kwenye msingi na manyoya, nyekundu iliyokolea. Hata rangi ikiwa moja, macho yataona mbili. Uzi uliolala hurudisha mwanga na kung'aa, lakini manyoya yaliyokatwa unayatazama kwenye ncha, na mwanga unazama humo, kwa hiyo huonekana meusi zaidi. Mahameli nyingi za Italia zinazosifiwa leo kwenye makumbusho zina rangi moja peke yake, na ua lote limechorwa na tofauti hiyo ya mwanga. Kwa anayejifunza kuna faida nyingine: nyuzi za manyoya zinapojificha kwenye mistari mitupu, vidoa vyake havionekani.

## Hatua ya 3: Tanda mtande wa msingi

Tanda nyuzi 176 zenye urefu wa mita 1.5. Kati ya hizo, 160 ni za kitambaa, na 16 ni za pindo, nane kila upande. Zizungushe kwenye mti wa nyuma kama kawaida na uzipitishe kwenye fremu 1 hadi 4 kwa zamu.

Mtande huu uukaze kwelikweli. Uguse kwa kidole, ujibu kama uzi wa gambusi. Kazi yake ni kubeba chuma na kushindiliwa bila kulegea.

## Hatua ya 4: Bobini 80, kila uzi na yake

Hapa ndipo vipande vyenu vinapofia.

Tuhesabu kidogo. Kila uzi unapopanda juu ya chuma unatumia milimita 5 kulizunguka, na karibu milimita 2 kujifunga kwenye msingi. Kwa vyuma 6 inakuwa kama sentimita 4.2 za uzi kwa kila sentimita ya kitambaa. Uzi usiopanda unatembea tu ndani ya msingi, unatumia kama sentimita 1.2.

Sasa utazame uzi wa 40 na wa 41, zile za katikati ya bua la komamanga, ambazo zimebaki chini kwa urefu mrefu. Mpaka mwisho wa kipande, uzi uliopanda kila mara umekula sentimita 59, na ule usiopanda kabisa ungekula sentimita 17 tu. Kama zote ziko kwenye mti mmoja, mti ukizunguka kumlisha mwenye njaa, aliyeshiba analegea. Zile nyuzi mbili zitaning'inia nyuma kama kamba ya kuanikia nguo, na nyingine zitakuwa zimekazika kupita kiasi. Uzi uliokazika ukikatwa, unarudi nyuma kwa nguvu na kuchomoka. Ndiyo yale mapara.

Ndiyo maana kila uzi unahitaji bobini yake na uzito wake. Vitanda vya mahameli za maua vilikuwa na kundi zima la bobini nyuma, mamia kwa mamia, na kila moja ikizunguka kwa kasi yake. Sisi tuna 80 tu.

Fanya hivi. Kila bobini ijaze hariri mita 2.5, nyuzi mbili zikiwa pamoja bila kusokotwa. Panga jozi kumi kwenye kila spoku, na spoku nane kwenye fremu ya mbao nyuma ya kitanda, safu ya juu ikiwa nyuma zaidi ili nyuzi zisigusane. Kwenye upande wa pili wa kila jozi zungusha kamba ya breki mara mbili. Ncha moja ibebe nati, ya pili ibebe shanga.

Nati inauvuta uzi nyuma muda wote. Uzi ukihitajika mbele, bobini inazunguka, nati inapanda, shanga inashuka. Weka ubao chini ya shanga. Shanga ikitua juu ya ubao, kamba inalegea, bobini inateleza na nati inarudi chini. Na uzi uliopandishwa ukishushwa tena, nati inameza ulegevu wenyewe. Utakapoiona ikifanya kazi kwa mara ya kwanza, nati themanini zikipanda na kushuka kila moja kwa wakati wake, utaelewa kwa nini sitaki kusikia habari ya mti mmoja.

Vuta kila uzi mbele sentimita tano na uuachie. Urudi polepole. Ukibaki umelegea, breki imekaza mno. Ukirudi kwa kishindo, ongeza mzunguko mmoja wa kamba.

*Umefaulu* ukipapasa nyuzi zote 80 kwa kiganja na usisikie hata moja iliyo tofauti na jirani yake.

## Hatua ya 5: Fremu ya tano na kamba za ua

Nyuzi za manyoya zipite katikati ya vitanzi vya msingi bila kuingia ndani yake. Zote ziingie kwenye fremu ya tano, yenye vitanzi virefu vya sentimita 6. Fremu ikipanda, nyuzi zote hupanda. Ikitulia, kila uzi una nafasi ya kupandishwa peke yake ndani ya kitanzi chake.

Kila nafasi ya chanuo ipitishe nyuzi tatu: msingi, manyoya, msingi. Nafasi nne za pembeni kila upande zipitishe msingi mtupu, mbili mbili, kwa ajili ya pindo.

Nyuma ya fremu ya tano, vika kila uzi wa manyoya kitanzi cha kamba ya pamba kutokea chini. Kitanzi cha uzi wa 1 na cha uzi wa 80 vifungwe kwenye kamba moja, wa 2 na wa 79 kwenye kamba nyingine, hadi 40 na 41. Kamba hizo 40 zipite juu ya mti ulio juu ya kitanda na kushuka ubavuni alipo mvutaji.

Sasa chukua mchoro. Kwa kila mstari wa miraba, kusanya kamba za miraba yenye manyoya kwa kipande kimoja cha uzi na ukifunge fundo. Hicho ni kishikio cha mstari huo. Vishikio 42, vipangwe kwa mfuatano kuanzia chini. Hii ni kazi ya siku nzima na inachosha macho, lakini baada yake mvutaji hahitaji kufikiri: anavuta kishikio kinachofuata, basi. Kosa moja hapa litajirudia kila ua, kwa hiyo hakiki kila kishikio dhidi ya mchoro kabla ya kufunga kinachofuata.

## Hatua ya 6: Fuma msingi sentimita 2

Kabla ya chuma cha kwanza, fuma kitambaa cha kawaida. Kanyagio la kwanza lipandishe fremu 1 na 3, la pili 2 na 4, la tatu 1 na 3 pamoja na ya 5, la nne 2 na 4 pamoja na ya 5. Tumia hatua hii kupima ushindiliaji wako. Mishindio 18 iingie kwenye sentimita moja. Ikiwa 14 tu, unagonga kwa woga.

## Hatua ya 7: Mzunguko mmoja wa chuma

Jifunze mzunguko huu mpaka mwili uujue.

Vuta. Msaidizi anavuta kishikio. Fremu zote tano zimetulia. Nyuzi za ua pekee ndizo zilizopanda.

Ingiza chuma kwenye mwanya, mfereji ukiangalia juu. Kishikio kinaachiwa. Gonga chuma kwa chanuo mara moja, taratibu, kikae sambamba na kilichotangulia.

Mshindio wa kwanza. Fremu 1 na 3, manyoya yote chini. Gonga kwa nguvu mara mbili. Mshindio huu ndio unaolikaba shingo chuma.

Mshindio wa pili. Fremu 2 na 4, na ya 5. Manyoya yote yanapita juu ya mshindio huu, yale ya ua na yale ya mistari mitupu.

Mshindio wa tatu. Fremu 1 na 3, manyoya yote chini tena. Gonga mara mbili.

Kisha chuma kinachofuata, na mishindio mitatu mingine ukianza na 2 na 4, ili msingi usikosee zamu.

Uzi wa manyoya kati ya chuma na chuma umepita chini, juu, chini. Ukiukata ubavuni na kuutazama kwa kioo cha kukuzia, utaona herufi W. Wapo wanaotaka kuokoa muda kwa mshindio mmoja tu kati ya vyuma, na hao uzi wao hukaa kama V, ukiushika kwa kidole unatoka. Usipunguze mishindio.

Hatari kubwa ya hatua hii ni chuma kulala ubavu. Kina kimo cha milimita 2 na unene wa 1, kwa hiyo kikipata nafasi kitaanguka, na mfereji utatazama pembeni. Ukikata hapo, unakata mtande wa msingi, na uzi wa msingi uliokatwa haufichiki. Baada ya kila mshindio wa kwanza, pitisha ukucha juu ya chuma kutoka kushoto kwenda kulia. Unapaswa kuusikia mfereji chini ya vitanzi, njia nzima. Mimi nilianza kufanya hivi baada ya kukata nyuzi tisa za msingi kwenye kipande nilichokuwa nimekifuma kwa majuma mawili. Nilikaa mbele ya kitanda mpaka giza likaingia. Tangu hapo ukucha wangu hautangulii mbele bila kuupapasa mfereji.

Mara kwa mara weka kioo chini ya kitambaa utazame mgongo wake. Uwe safi. Ukiona uzi mrefu unaelea, fremu ya tano haikupanda vizuri kwenye mshindio wa pili.

## Hatua ya 8: Kukata

Ingiza vyuma vyote vinne, kila kimoja na mishindio yake mitatu, kabla ya kukata chochote. Chuma cha kwanza hukatwa pale cha nne kimeshafungwa.

Sababu ni zile nati. Kila uzi unavutwa nyuma kwa gramu 11. Ukikata chuma cha mwisho ulichoingiza, hakuna kinachouzuia uzi, nati inaumeza. Ukikata cha kwanza, uzi ule ule bado umekumbatia vyuma vitatu mbele na umefungwa na mishindio kumi na miwili.

Bana kipande cha wembe kati ya vibao viwili, ncha itokeze milimita 1.5 tu. Chuma kina kimo cha milimita 2, kwa hiyo hata mkono ukiteleza wembe hauwezi kufika kwenye msingi.

Shika ncha ya chuma kwa mkono wa kushoto. Tuliza wembe kwenye mfereji nje ya pindo, ulaze nyuma kidogo, kisha usukume hadi upande wa pili kwa mwendo mmoja. Usisimame katikati. Ukisimama, ukaanza tena, wembe utaingia mahali pa pili kidogo, na utaona kovu la mstari pale manyoya yanapotofautiana urefu. Usibonyeze chini pia. Wembe mkali unakata kwa mwendo, siyo kwa nguvu.

Sauti ndiyo mwalimu. Wembe mzuri unatoa mlio mwembamba mfululizo, kama karatasi laini inayochanwa polepole. Ukisikia mikwaruzo ya shaba, umetoka kwenye mfereji. Ukisikia tik, tik, wembe umechoka na unavuta nyuzi badala ya kuzikata. Badilisha mara moja.

Vitanzi vyote vikikatwa, chuma kinajiachia chenyewe, unakiokota kama kijiti kilicholala juu ya nyasi. Kikigoma, usikivute. Kuna uzi mmoja au miwili haijakatika. Itafute kwa ncha ya sindano, uikate, ndipo ukitoe. Kukivuta kwa nguvu kunang'oa hata zile zilizokatwa vizuri.

Kifute chuma, kiwe cha tano. Ingiza, funga, kisha ukate cha pili. Mwendo ni huo mpaka mwisho.

*Umefaulu* ukipiga manyoya kwa ukucha mara tatu nne na hakuna kilichobaki kwenye kidole. Piga hivyo baada ya chuma cha kwanza kabisa. Manyoya yakitoka, simama. Punguza kwanza uzito wa nati, kisha ongeza nguvu ya kugonga. Ukiendelea kwa matumaini kwamba yatakaa sawa mbele, hayatakaa.

## Hatua ya 9: Kusogeza kitambaa mbele

Mahameli haizungushwi kwenye mti wa mbele kama vitambaa vingine. Tabaka la juu litayalaza manyoya ya tabaka la chini, na hariri iliyolala chini ya mzigo kwa siku mbili haiamki. Zungushia mti wa mbele msasa laini, kitambaa kipite juu yake mara moja tu, mgongo ukigusa msasa na manyoya yakitazama nje, kisha kining'inie au kiingie kwenye boksi. Msasa utakishika kisirudi nyuma.

Sogeza wakati vyuma visivyopungua vitatu vipo ndani.

## Hatua ya 10: Kumaliza

Baada ya chuma cha 84, fuma sentimita 2 za msingi kabla ya kukata vyuma vya mwisho. Hapa hakuna vyuma vingine mbele vya kushikilia uzi, kazi hiyo inafanywa na msingi.

Toa kitambaa kwenye kitanda. Kishike juu ya mvuke wa sufuria, mgongo ukitazama chini, kiasi cha sentimita 20 kutoka kwenye maji, huku ukipitisha brashi juu ya manyoya kwa wepesi. Yatasimama mbele ya macho yako, na mistari ya komamanga itajichora yenyewe. Matone ya maji yasikiguse, huacha alama. Pasi isikaribie kabisa.

Mimi hutenga dakika nane hadi kumi kwa kila chuma nikiwa na mvutaji mzuri. Mara 84, jumlisha mwenyewe, na upange siku zako bila kukimbizana. Huko Venezia, karakana ya Bevilacqua bado inafuma mahameli kwa vitanda vya mbao vya karne ya 18, na kwa aina ngumu mfumaji mzoefu hupata sentimita 30 hivi kwa siku. Anayetaka mwalimu wa ana kwa ana, Fondazione Lisio ya Florence inafundisha ufumaji huu kwa mkono.

## Ukishafanikiwa: vitanzi na manyoya pamoja

Kipande cha pili kijaribu *soprarizzo*, ambamo vitanzi na manyoya hukaa kwenye ua moja. Utahitaji vyuma vingine vinne vya mviringo, laini, visivyo na mfereji, vyenye unene wa milimita 1.5. Hivi huchomolewa kwa upande, havikatwi.

Kila mstari wa mchoro utakuwa na vishikio viwili. Cha kwanza hupandisha nyuzi za vitanzi, unaingiza chuma cha mviringo. Cha pili hupandisha nyuzi za kukatwa, unaingiza chenye mfereji. Vitanzi lazima viwe vifupi kuliko manyoya, vinginevyo vinayafunika na ua linapotea. Chomoa vyuma vya mviringo baada tu ya kukata chenye mfereji kilicho jirani yake, ukivizungusha kidogo vidoleni unapovivuta ili visiondoke na kitanzi.

Na bobini zibaki 80. Hapa pia matumizi hutofautiana kati ya uzi na uzi.